Mpigakura wa Marekani Anajua Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wasomaji wa Kiswahili kila Marekani inapoingia msimu wa uchaguzi. Wengine wako Afrika Mashariki wakifuatilia habari, na wengine wako Marekani kwenyewe wakijiandaa kupiga kura kwa mara ya kwanza. Anayejibu ameishi jimbo la Ohio kwa miaka mingi, na sehemu ya majibu imetoka kwenye meza za jikoni ambako ndugu na majirani hukaa kusoma karatasi ya kura kabla ya kuirudisha kwa posta.

Je, ni kweli kwamba Wamarekani wengi hawajui jinsi serikali yao inavyoendeshwa?

Kwa sehemu kubwa ni kweli. Kituo cha Annenberg cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania huwauliza watu wazima kila mwaka wataje mihimili mitatu ya dola, yaani Bunge, Mahakama na Serikali iliyo chini ya rais. Mwaka 2016 walioitaja yote mitatu walikuwa asilimia 26 tu. Mwaka 2024 walifika asilimia 65, jambo linaloonyesha kwamba maarifa ya aina hii hupanda na kushuka, ingawa hata katika mwaka huo mzuri mtu mmoja kati ya watatu alishindwa. Watafiti Michael Delli Carpini na Scott Keeter walipitia tafiti za maoni za karibu nusu karne na kuchapisha matokeo yao mwaka 1996. Walikuta kwamba kiwango cha jumla cha maarifa ya siasa hakikuwa kimebadilika sana, licha ya kwamba katika kipindi hicho idadi ya Wamarekani waliomaliza sekondari na kuingia chuo kikuu ilikuwa imeongezeka mno.

Hata hivyo kipimo chenyewe kina kasoro. Mtu anayeulizwa ghafla idadi ya maseneta au jina la jaji, huku chungu kikiwa jikoni na mtoto analia, anapimwa kumbukumbu yake ya darasani zaidi kuliko uelewa wake wa mambo yanayomgusa. Kujua kwamba dawa za mama yako zimepanda bei, na kujua ni nani mwenye mamlaka ya kuzishusha, ni maarifa ya siasa pia, na maswali mengi ya tafiti hizo hayakuundwa kuyapima.

Mbona watu wenye elimu na intaneti hawafuatilii siasa zao?

Mwanauchumi Anthony Downs alitoa jibu mwaka 1957 ambalo bado lina nguvu. Kujifunza sera kunagharimu muda, na kura moja ndani ya mamilioni haibadilishi matokeo, kwa hiyo mtu mwenye akili timamu anaweza kabisa kuamua kutumia jioni yake kwa jambo lingine. Mwaka 2020 zilipigwa kura zaidi ya milioni 155 za urais. Mfanyakazi wa ghala anayemaliza zamu saa sita usiku hana sababu kubwa ya kukesha akilinganisha ilani mbili za kodi.

Mimi naongeza sababu ambayo haitajwi vya kutosha, nayo ni mzigo wenyewe. Marekani ina zaidi ya nafasi 500,000 za uongozi zinazojazwa kwa kura, kuanzia rais hadi bodi ya shule. Kuna uchaguzi wa mchujo wa vyama, kisha uchaguzi mkuu wa Novemba, kisha katika majimbo mengi uchaguzi wa mitaa katika mwaka unaofuata. Ndiyo maana mahudhurio hutofautiana sana. Mwaka 2020 walipiga kura karibu theluthi mbili ya wenye haki hiyo, lakini mwaka 2014, ambao haukuwa na kiti cha urais, walikuwa kiasi cha asilimia 36, kiwango cha chini kuliko wakati wowote tangu mwaka 1942, nchi ilipokuwa vitani. Katika mchujo wanaojitokeza huwa wachache zaidi, na mara nyingi hao ndio huamua nani atakuwa mbunge, kwa sababu wilaya nyingi za uchaguzi ni ngome ya chama kimoja.

Karatasi ya kura yenyewe ikoje?

Ni ndefu kuliko anavyodhani mtu aliyezoea kuchagua rais, mbunge na diwani. Katika mwaka wa uchaguzi wa urais, mpigakura wa kaunti ya kawaida ya Ohio humchagua rais, mbunge wa taifa, wabunge wa jimbo, mwendesha mashtaka wa kaunti, mkuu wa polisi wa kaunti, mtunza hazina, msajili wa hati za ardhi, mhandisi wa kaunti, daktari mchunguzi wa vifo na majaji kadhaa. Baada ya hapo karatasi hugeuzwa, na nyuma yake huwa kuna maswali ya kodi ya shule, ya maktaba, ya zimamoto, na pengine marekebisho ya katiba ya jimbo.

Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu jinsi mtu makini anavyoweza kupotea. Tarehe 8 Agosti 2023 Ohio ilipiga kura ya maoni iliyoitwa Hoja ya 1, iliyotaka katiba ya jimbo isibadilishwe bila asilimia 60 ya kura, na ikakataliwa. Tarehe 7 Novemba mwaka huo huo ikaja Hoja ya 1 nyingine, ya kulinda haki ya kutoa mimba, nayo ikapita. Aliyetaka haki hiyo ilindwe alipaswa kusema Hapana mwezi Agosti na Ndiyo mwezi Novemba, kwa jambo lenye jina lile lile. Kisha Novemba 2024 ikaja Hoja ya 1 ya tatu, kuhusu mipaka ya wilaya za uchaguzi. Waliolipeleka pendekezo hilo walisema lingeondoa wanasiasa katika uchoraji wa mipaka na kuikabidhi kazi hiyo kwa tume ya raia 15, lakini maneno yaliyochapishwa kwenye karatasi ya kura yalieleza kwamba tume hiyo ingelazimika kuichora mipaka kwa kupendelea vyama. Waungaji mkono walikwenda Mahakama Kuu ya Ohio wakipinga maneno hayo, na mahakama ikayaacha sehemu kubwa kama yalivyokuwa. Hoja ikashindwa.

Oktoba ya mwaka huo wa 2024, kabla ya uchaguzi, nilikaa na jirani yangu, mama mzaliwa wa Bukavu aliyekwisha kupata uraia, karatasi yake ikiwa mezani kati ya sahani ya sambusa na miwani yake. Aliisoma aya ile mara tatu huku kidole kikifuata mstari, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mimi sitaki wanasiasa wajichoree mipaka. Sasa nijaze kiduara gani?" Mama huyo alijua anachokitaka kuliko watu wengi wenye shahada ninaowafahamu. Kilichomkwamisha ni sentensi, na sentensi hiyo hakuiandika yeye.

Kama hawajui mambo kwa kina, wanachaguaje?

Wanatumia alama za njiani, kama sisi sote tufanyavyo tunapokwenda mahali tusipopajua. Mfano mzuri zaidi ulichunguzwa na mwanasayansi ya siasa Arthur Lupia. Mwaka 1988 wapigakura wa California walikabidhiwa mapendekezo matano kwa mpigo kuhusu bima ya magari, yote yakiwa na lugha ya kisheria inayochosha, na kampuni za bima zikitumia fedha nyingi kuyatangaza yaliyozifaa. Lupia aligundua kwamba watu wasiojua undani wa mapendekezo hayo, lakini waliojua kampuni za bima zimesimama upande gani, walipiga kura kwa namna iliyofanana sana na ya wale waliosoma kila kitu. Pendekezo moja tu, la 103, ndilo lililopita, na kampuni hizo zilikuwa zimelipinga. Aliyejiuliza "nani anagharimia tangazo hili?" alipata jibu la kumtosha.

Mwanasayansi ya siasa mwingine, Samuel Popkin, alieleza alama ya aina nyingine, ile ya kumpima mtu kwa vitendo vyake vidogo. Aprili 1976 Rais Gerald Ford alikuwa San Antonio, Texas, akipambana na Ronald Reagan katika mchujo wa chama cha Republican, akapewa tamale, chakula cha Wamexico cha unga wa mahindi na nyama kinachofungwa ndani ya ganda la muhindi na kupikwa kwa mvuke. Ford akaking'ata pamoja na ganda, sawa na mgeni anayekula ndizi bila kuimenya. Picha zikaenea. Kwa mpigakura mwenye asili ya Mexico tukio hilo lilikuwa taarifa halali: mtu huyu hajawahi kuketi kwenye meza zetu. Reagan alishinda mchujo wa Texas, na mwezi Novemba jimbo hilo likamwendea Jimmy Carter. Sidai kwamba tamale ndiyo iliyoamua, kwa maana mambo mengi yalikuwa yanamwelemea Ford. Ninachosema ni kwamba aliyeitazama picha ile hakuwa mjinga kwa kuitazama.

Je, jina la chama linatosha kumwongoza mpigakura?

Siku hizi linamsaidia kuliko zamani. Mwaka 1950 chama cha wanasayansi ya siasa wa Marekani kilitoa ripoti iliyolalamika kwamba vyama viwili vikubwa havikuwa na tofauti ya kutosha kumpa mwananchi chaguo la maana. Utafiti wa kitaifa wa uchaguzi wa mwaka 1952 ulionyesha kwamba karibu nusu tu ya watu waliona tofauti muhimu kati ya vyama hivyo. Katika chaguzi za karibuni wanaoiona ni zaidi ya wanane kati ya kumi. Democratic ya miaka ile ilikuwa na watetezi wa ubaguzi wa rangi wa Kusini pamoja na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kaskazini, kwa hiyo lebo yake haikuwa inasema mengi. Baada ya sheria za haki za kiraia za 1964 na 1965 watu na wanasiasa walijipanga upya taratibu, na leo lebo inasema mengi.

Pale lebo inapokosekana, kwa mfano katika bunge la jimbo la Nebraska ambalo wagombea wake hawaandikiwi chama kwenye karatasi, au katika viti vingi vya majaji, wapigakura wengi huacha nafasi wazi au huenda na jina walilowahi kulisikia.

Basi anayejua zaidi ndiye anayechagua vizuri zaidi?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, na jibu langu ni hapana, si lazima. Tatizo zito la siasa za Marekani haliko kwa asiyejua na anayekubali kwamba hajui. Liko kwa anayejua mengi ya upande wake, akiyapokea kama ushindi na kuyakataa yanayomuudhi.

Ushahidi uko pande zote mbili. Mwaka 1980, kabla Ronald Reagan hajaingia madarakani, mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 13.5, mwaka 1988, alipokuwa anamaliza muda wake, ulikuwa umeshuka hadi kama asilimia 4. Mwanasayansi ya siasa Larry Bartels alipoyaangalia majibu ya utafiti wa maoni wa mwaka huo wa 1988 alikuta kwamba zaidi ya nusu ya wafuasi sugu wa Democratic walisema mfumuko ulikuwa umezidi kuwa mbaya chini ya Reagan. Miaka minane baadaye ikawa zamu ya upande wa pili. Nakisi ya bajeti ya serikali ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu katika muhula wa kwanza wa Bill Clinton, lakini mwaka 1996 wafuasi wengi wa Republican waliamini imeongezeka. Hawa wote walikuwa na magazeti na televisheni, na namba zilikuwa hadharani.

Kuna utafiti mwingine unaonisikitisha zaidi, kwa sababu unahusu jinsi watu wanavyowaona majirani zao. Mwaka 2018 watafiti Douglas Ahler na Gaurav Sood walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba Wamarekani, kwa wastani, wanadhani asilimia 38 ya Warepublican wanapata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka, wakati ukweli ni asilimia 2, na wanadhani asilimia 32 ya Wademocrat ni mashoga, wasagaji au wenye kuvutiwa na jinsia zote mbili, wakati ukweli ni kama asilimia 6. Waliofuatilia siasa kwa karibu zaidi hawakuwa sahihi zaidi. Ndio waliopotoka zaidi. Habari walizozimeza usiku na mchana ziliwachorea mpinzani ambaye hayupo.

Wasioegemea chama chochote hawana busara zaidi?

Zaidi ya Wamarekani wanne kati ya kumi hujiita huru. Ukiwauliza tena wanaelekea upande gani, wengi wao hutaja chama, na hukipigia kura karibu kwa uaminifu ule ule wa wanachama. Walio huru kwelikweli ni kama mmoja kati ya kumi, na kwa kawaida hufuatilia habari kidogo na kupiga kura kwa nadra kuliko wengine.

Kutojua huku kuna madhara ya kweli, au ni mada ya maprofesa tu?

Kuna madhara, na mengine yametufikia sisi. Taasisi ya KFF, inayochunguza masuala ya afya, imewauliza Wamarekani kwa miaka mingi misaada kwa nchi za nje inachukua sehemu gani ya bajeti ya serikali kuu. Wastani wa majibu huwa karibu robo ya bajeti yote. Ukweli ni kama asilimia moja. Mtu anayeamini kwamba robo ya kodi yake inakwenda ng'ambo wakati paa la shule ya mtoto wake linavuja ana haki ya kukasirika, na mwanasiasa anayetaka kuikata misaada hiyo hukuta hasira iko tayari. Mwaka 2025 shirika la USAID lilivunjwa, na mpango wa PEPFAR, ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003 na ambao umegharimia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa watu wengi sana Tanzania, Kenya na Uganda, ukayumba. Siwalaumu wapigakura peke yao kwa uamuzi wa watawala. Nasema tu kwamba kosa la hesabu katika kichwa cha mtu wa Ohio linaweza kufika hadi kwenye foleni ya kliniki ya Mbeya au Kisumu.

Mfano wa ndani ni sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010. Katika utafiti wa maoni wa mwaka 2017, zaidi ya theluthi moja ya waliohojiwa ama walidhani "Obamacare" na Sheria ya Huduma ya Afya Nafuu ni vitu viwili tofauti, ama hawakuwa na hakika, ilhali ni majina mawili ya sheria hiyo moja. Wakati huohuo Bunge lilikuwa linajadili kuifuta.

Je, habari za mtaani zinapatikana?

Zinazidi kupungua. Tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza zaidi ya magazeti 3,000, mengi yakiwa ya kila wiki katika miji midogo, na zaidi ya kaunti 200 hazina chombo chochote cha habari za eneo lao. Aliyekuwa akisoma kwamba mhandisi wa kaunti ameacha daraja bovu miaka minne sasa anabaki na mabishano ya Washington kwenye simu yake, kisha anamchagua mhandisi kwa mabishano hayo.

Kwa nini wasiwape wapigakura mtihani?

Kwa sababu walishawapa, na tunajua ulitumikaje. Katika majimbo ya Kusini mtihani wa kusoma na wa katiba ulikuwa mlango wa kumzuia Mmarekani Mweusi. Karani mzungu ndiye aliyechagua swali, na ndiye aliyeamua kama jibu limemridhisha, hivyo mwalimu Mweusi aliweza kufelishwa na mkulima Mzungu asiyejua kusoma akapitishwa. Mississippi kabla ya mwaka 1965 ilikuwa imeandikisha chini ya asilimia 7 ya watu wazima Weusi. Baada ya Lyndon Johnson kutia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura mwezi Agosti mwaka huo, kufikia mwaka 1967 walikuwa wamefika karibu asilimia 60. Maarifa yao hayakuwa yamebadilika ndani ya miaka miwili. Kila anayependekeza mtihani, hata kwa nia safi, ninamwomba kwanza ataje nani atausahihisha.

Mimi ni mkazi mwenye grinkadi. Je, naweza kupiga kura ili nijifunze?

Hapana, usithubutu. Uchaguzi wa kitaifa ni wa raia tu, na asiye raia anayepiga kura anatenda kosa la jinai na anaweza kufukuzwa nchini. Uwe mwangalifu hasa unapokwenda kuchukua leseni ya udereva, kwa kuwa karani huweza kukuuliza kwa haraka kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu ni hapana, na fomu usiitie saini.

Nimepata uraia lakini Kiingereza cha karatasi ya kura kinanishinda. Nifanyeje?

Sheria ya taifa huzilazimisha baadhi ya kaunti kuchapisha karatasi kwa Kihispania, kwa lugha za jamii za Kiasia na kwa lugha za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo, hata mahali wanapoishi Wakongomani wengi. Lakini sheria hiyo hiyo ya mwaka 1965, kwa nyongeza iliyowekwa baadaye, inamruhusu mpigakura asiyeweza kusoma au kuandika, au mwenye ulemavu, kuingia kwenye chumba cha kura na mtu amtakaye, awe mwanawe, jirani au rafiki, isipokuwa mwajiri wake, wakala wa mwajiri, au kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi.

Mapema kabla ya siku hiyo, itafute sampuli ya karatasi yako kwenye tovuti ya bodi ya uchaguzi ya kaunti, ichapishe, uisome nyumbani polepole na uweke alama. Kwa kila pendekezo andika kwa Kiswahili pembeni: Ndiyo inafanya nini, Hapana inaacha nini. Jirani yangu wa Bukavu sasa hufanya hivyo kwa kalamu nyekundu, na safari iliyopita alinionyesha kosa katika maelezo niliyokuwa nimempa mimi.